Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti yetu: mzazi aliyelemewa abishe mlango gani?

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti,
Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, mliochaguliwa na mlioteuliwa,
Nakala kwa Mheshimiwa Gavana na kwa Waziri wa Kaunti wa Huduma za Jamii.

KUH: MSWADA WA VITUO VYA JAMII VYA KUSAIDIA FAMILIA NA KUWAKINGA WATOTO NA UKATILI

Mheshimiwa Spika,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Bunge lako. Mimi ni mwalimu mstaafu wa chekechea katika mojawapo ya wadi za kaunti hii yetu ya Pwani. Nimefundisha miaka 26, na tangu nistaafu nimekuwa miongoni mwa wanaojitolea kulinda watoto mtaani. Hii ni barua yangu ya nne kwa Bunge lako. Tatu za mwanzo nilizileta mwenyewe, zikapigwa muhuri wa mapokezi, nikaambiwa nitaitwa. Sijaitwa. Ndiyo maana hii ya nne naiandika hadharani, na kwa Kiswahili, lugha mliyotuombea kura nayo, ili kila mzazi aliyenituma aisome mwenyewe na ajue nimesema nini kwa niaba yake.

Nitaanza na usiku mmoja wa Julai 2019, kwa sababu mswada wetu ulizaliwa usiku huo.

Kusi lilikuwa limekaza wiki ya tatu. Mashua zimevutwa juu ufuoni, wavuvi hawatoki, na nyumba zinazokula kwa samaki zilikuwa zinakula kwa deni la dukani. Saa tatu usiku nikasikia hodi. Alikuwa jirani yangu wa nyumba ya nne, mama anayeuza viazi karai pale kituo cha matatu, kamshika mkono mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikuwa bado na sare ya shule, mguu mmoja una ndara, mwingine hauna. Nikamkaribisha mama aketi, akakataa. Akaniambia akiwa amesimama kizingitini: "Mwalimu, nimempiga huyu mpaka nikauogopa mkono wangu. Naomba alale kwako. Nikibaki naye leo sijui."

Hakumaliza. Kosa la mtoto lilikuwa kumwaga unga wa ngano, kilo moja, uliokuwa mtaji wa kesho. Nilipomvua shati nikaona mgongoni alama za mwiko wa ugali, nne zimevimba na moja imechanika. Nilimkanda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, naye hakulia. Aliniuliza tu kama unga unaweza kuzoleka.

Usiku ule nilikaa nikahesabu milango. Kwa chifu, mama angekaripiwa mbele ya watu, arudi nyumbani na aibu juu ya njaa. Kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, ingefunguliwa faili na huenda angelala ndani, watoto wake watatu wabaki na baba ambaye jioni zake zilikuwa zikiishia mangweni, kwenye ulevi. Afisa wa watoto yuko makao makuu ya kaunti ndogo, matatu mbili na boda boda moja kutoka kwetu, peke yake kwa maelfu ya watoto. Hospitali ingeuosha mgongo na kuturudisha. Milango yote hiyo ni ya lazima na sitaki hata mmoja ufungwe. Lakini yote hufunguka mtoto akishaumia na mtuhumiwa akishapatikana. Yule mama alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akiomba azuiwe, na katika kaunti nzima hapakuwa na mlango uliowekwa kwa ajili yake.

Alikaa kwangu siku mbili na wanawe. Wanawake wa chama chetu wakamchangia unga na mafuta. Mzee mmoja wa msikitini akaenda kumkalisha baba kitako. Tukawa tunapita kwao kila jioni mpaka bahari ikatulia. Mtoto yule ameendelea na shule, na mama yake bado anauza viazi palepale. Wengine walioingia katika daftari langu baada yake hawakupata jirani wa kumpigia hodi. Mmoja tulimkuta wodini mkono umevunjika. Mwingine sitamwandika hapa, kwa sababu mama yake atasoma.

Kutokana na usiku ule na mingine iliyofuata, tulikutana walimu wastaafu, imamu, mchungaji, wahudumu wa afya ya jamii, mvuvi mmoja na mawakili wawili vijana waliotusaidia bila malipo, tukaandika rasimu. Kiini chake ni kwamba kila wadi iwe na kituo cha familia: vyumba viwili katika zahanati au chekechea ya kaunti, vinavyofunguliwa kila siku hadi saa mbili usiku. Kiwe na afisa wa ustawi wa jamii aliyesomea kazi hiyo, na mlezi wa watoto wadogo mchana. Kitoe masomo ya malezi kwa akina mama na kwa akina baba. Kiwe na mtu anayejua kumfikisha mzazi kwenye basari, kwenye matibabu ya ulevi, kwenye chakula cha dharura au kwa afisa wa watoto, kila jambo na mahali pake. Na mzazi aingie bila kuwa na kesi.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Mswada umelala, na hakuna anayetuambia kwa nini.

Rasimu yetu tulianza kuiandika mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na watoto wakabaki majumbani na watu wazima waliopoteza kazi. Tukaiwasilisha mwaka 2021. Mwakilishi wetu wa wakati huo akaichukua, ikasomwa mara ya kwanza, ikapelekwa kwenye kamati. Ukaja uchaguzi wa Agosti 2022, muhula wa Bunge ukaisha na mswada ukafa nao. Hilo tulilielewa, ndiyo kanuni. Mwaka 2023 tukarudi na ombi rasmi, tukitumia haki tuliyopewa na kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Tangu hapo jibu ni moja: "Liko kwenye kamati." Nimeuliza kamati imekaa lini kulijadili, sikujibiwa. Nimeuliza nani ameteuliwa kulishughulikia, sikujibiwa. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Mkitufikisha huko bila kusoma, tutakuwa tumezikwa mara mbili kwa kanuni ileile.

2. Hatuwaombi mvuke mipaka ya kazi yenu.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kulindwa na dhuluma, kutelekezwa na kila aina ya ukatili, na haki ya kulelewa na baba na mama kwa jukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu cha 21 kinasema vyombo vyote vya Dola na maafisa wote wa umma wana wajibu wa kushughulikia mahitaji ya makundi yaliyo katika hatari, na kinawataja watoto. Hakikusema vyombo vya Nairobi. Halafu fungueni Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, aya ya 9: elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto ni kazi ya kaunti. Zahanati ni yenu. Chekechea ni zenu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaoingia nyumba kwa nyumba wako chini ya idara zenu. Vipande vyote vya kituo tunachokiomba tayari mnavyo, vimetawanyika tu, na sheria ndiyo ingeviunganisha.

3. Ukatili huu hupungua ukishughulikiwa.

Kuna watu wazima waliosoma, na baadhi yao wameketi katika Bunge hili, wanaoamini kwamba watoto kuumizwa ni jambo la siku zote, kama mvua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uliporudiwa mwaka 2019, ilikuwa asilimia 15.6 kwa wasichana na 6.4 kwa wavulana. Ni wengi mno bado. Lakini hata aliye mgumu wa kuamini ataona kwamba idadi imeshuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka tisa, basi inaweza kushuka tena.

Utafiti huohuo wa 2019 ulionyesha jambo tusilolisema sana huku kwetu: asilimia 51.9 ya wavulana walipata kipigo na ukatili mwingine wa mwili utotoni, na wasichana asilimia 38.8. Wavulana ndio wanaopigwa zaidi. Semina zetu nyingi huzungumza kuhusu wasichana, na ni haki yao, lakini mvulana wa miaka kumi na mbili mwenye jicho lililovimba tunamwambia ajikaze. Miaka kumi baadaye tunamkamata kwenye genge la mapanga, tunaitisha baraza la usalama na kuuliza vijana hawa wametoka wapi.

4. Umaskini unaandikwa kama uovu.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sehemu kubwa ya daftari langu si ya vipigo. Ni ya watoto waliofungiwa ndani. Mama anaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua nguo mjini au kukata kokoto. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu na mwingine wa miaka saba. Kuna mwanamke mtaani anayelea watoto mchana kwa malipo, chumba kimoja cha mabati, nimewahi kuhesabu humo watoto 19 na kirago kimoja. Siku mama ana pesa, anampeleka mdogo huko. Siku hana, anamwachia yule wa miaka saba, anafunga mlango kwa nje ili wasitoke barabarani, anaondoka na roho mkononi. Yule wa miaka saba hajaenda shule siku hiyo. Jirani akisikia kilio anapiga ripoti, na ripoti inaandikwa: mtoto ametelekezwa.

Nilimuuliza mmoja wa mama hao mbele ya afisa mmoja aliyekuja kukagua, "Ungekuwa na pa kumwacha bure, ungemfungia?" Alinitazama kama niliyemuuliza kama angependa kuvuta pumzi. Alijibu, "Mwalimu, mimi nikifika kazini kitu cha kwanza nasikiliza kama kuna moto upande wa kwetu."

Huyu hahitaji kuhukumiwa. Anahitaji chumba chenye mlezi anayejulikana, maji safi, uji wa saa nne na mlango ambao mtu mzima ameshika ufunguo wake akiwa ndani. Mkimpeleka mahakamani na kumpeleka mtoto wake kwenye makao ya watoto, mtatumia fedha nyingi zaidi kuliko uji huo, na mtoto atakuwa amempoteza mama ambaye hakumkosea ila kwa kukosa. Serikali ya kitaifa yenyewe ilishazindua mkakati wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, na nguzo yake ya kwanza ni kuimarisha familia ili watoto wasitenganishwe nazo. Mkakati huo utatekelezwa wapi kama si wadini?

Na nionyeshe kwamba Pwani hatuanzi sifuri. Chekechea za madrasa zilianza Mombasa miaka ya 1980, baada ya wazazi na viongozi wa dini kutaka watoto wao wapate elimu ya kisasa bila kupoteza ya dini. Kina mama wa mitaa walifunzwa kuwa walimu, jamii ikatoa vyumba na kuunda kamati za kuziendesha, na mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Wanaosema watu wetu hawawezi kusimamia kituo cha jamii hawajui historia ya mtaa wao.

5. Pasipo na kituo, kila kitu huishia kwa wazee.

Nawaheshimu wazee wa mtaa. Wametatua mengi. Lakini yapo mambo yasiyokalishwa kitako, na mtoto kunajisiwa ni la kwanza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina nafasi ya mbuzi wawili na shilingi elfu ishirini. Hata hivyo tunajua yanafanyika: familia mbili zinakutana usiku, maslaha, yaani suluhu ya wazee nje ya mahakama, yanapitishwa, mtoto anaambiwa anyamaze asiivunjie nyumba heshima. Wanafanya hivyo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba kwenda kituo cha polisi kunataka nauli, muda, ushahidi na ujasiri, na hakuna wa kuwasindikiza.

Ndiyo maana rasimu yetu ina ibara tunayoomba isiguswe hata kwa nukta: kituo cha familia kisiwe kamwe mahali pa kusuluhisha kosa la kingono dhidi ya mtoto wala jeraha kubwa. Kazi yake katika kesi hizo iwe kumsindikiza mtoto hospitalini na polisi siku hiyohiyo, na kubaki naye mpaka mahakamani. Kama Bunge litaona vyema kubadilisha mengine yote, hili tuachieni.

6. Wanaojitolea wamechoka.

Tulikuwa kumi na wanne, tumebaki watano. Simu zetu hupigwa saa nane usiku. Nauli ya mtoto kwenda hospitali hutoka kwenye pesa za mboga. Sidai malipo ya nyuma. Nasema tu kwamba ulinzi wa watoto wa wadi nzima hauwezi kutegemea afya ya magoti yangu.

Mheshimiwa Spika, najua majibu tutakayopewa, maana nimeyasikia kwenye korido.

Tutaambiwa kwamba ulinzi wa mtoto ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ni kweli kwamba maafisa wa watoto wameajiriwa na Idara ya Huduma za Watoto iliyo chini ya serikali ya kitaifa, na kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 imeipa serikali hiyo mengi. Lakini kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali hizi mbili zishirikiane na kusaidiana. Afisa wa watoto hatakasirika akipewa chumba na meza katika kila wadi ambamo atakuja siku moja kwa wiki. Nilimuuliza mmoja. Aliniambia atakuja kwa miguu.

Tutaambiwa hakuna fedha. Ujenzi hatuuombi. Tunaomba vyumba vilivyopo, mishahara miwili kwa kila kituo, vifaa vya kulelea watoto na fungu la dharura. Na kama mnataka chanzo kipya, wapo waliotangulia kufikiri. Jimbo la Kansas nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1980 ya kuanzisha mfuko wa kuzuia ukatili dhidi ya watoto, fedha zake zikatoka kwenye ada ndogo iliyoongezwa katika vibali vya ndoa, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Jimbo la Kentucky, katika sheria yake ya mageuzi ya elimu ya 1990, lilianzisha vituo vya kusaidia familia ndani au karibu na shule ambazo angalau asilimia 20 ya wanafunzi wanatoka nyumba za kipato cha chini. Hawakungoja serikali kuu iwafanyie, mabunge ya majimbo ndiyo yaliyotunga. Kaunti yetu haitoi vibali vya ndoa, lakini inatoza leseni za biashara, maegesho na mabango ya matangazo. Shilingi chache juu ya kila bango la bia zingelipa mlezi.

Tutaambiwa, na hili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mtoto hulelewa kwa fimbo na kwamba tunaleta mambo ya kizungu. Kifungu cha 29 cha Katiba yetu wenyewe kinakataza adhabu ya kumpiga mtu. Na tusiusingizie utamaduni. Tumefunzwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mvuvi yeyote atawaambia kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa kiganja, hapigwi nyundo. Katika wadi yangu imamu na mchungaji wametia sahihi ombi hili kwenye ukurasa mmoja, na Sheria ya Watoto ya 2022 yenyewe imeitambua kafala, ambayo ni njia yetu ya siku nyingi ya kumlea yatima bila kumpokonya ukoo wake. Anayesema dini zetu haziutaki ulinzi wa mtoto aje tukae naye.

Tutaambiwa masomo ya malezi ni maneno matupu. Eastern Cape, Afrika Kusini, mahali pa wafugaji na watu wa kipato kidogo kama sisi, familia 552 kutoka jumuiya 40 zilishiriki katika jaribio la masomo ya wazazi na vijana wao. Walioendesha masomo hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Katika jumuiya zilizopata masomo, wazazi walisema vipigo na maneno ya kuumiza vilipungua. Nami kwa macho yangu nimewaona akina baba saba wamekaa kwenye majamvi ya chekechea yangu ya zamani, wakijifunza kwa mara ya kwanza kumsifu mtoto kwa sauti. Mmoja wao alifanya mazoezi ya kusema "umefanya vizuri" mara tatu kabla haijatoka.

Na tutaambiwa kuna namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo ni bure na hupokewa usiku na mchana. Ipo, na naisambaza kila niendako, naomba wasomaji wa barua hii waiandike ukutani. Lakini simu inahitaji mtu wa kuja baada ya simu. Mara mbili waliopokea walinipigia mimi, kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kumtuma usiku huo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, ombi letu la 2023 lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kuchapishwa kwa barua hii: limefika wapi, liko mikononi mwa nani, na kama limekataliwa, limekataliwa kwa sababu gani.

Pili, mswada usomwe katika kikao hiki, na mikutano ya maoni ya umma inayotakiwa na kifungu cha 196 cha Katiba ifanywe wadini, Jumamosi mchana, mahali akina mama wanaweza kuja na watoto wao. Msituite hotelini mjini Jumanne asubuhi.

Tatu, vituo vya majaribio katika wadi tatu viingizwe katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ufike mezani kwenu kabla ya tarehe 1 Septemba, kisha viwe na kifungu chake katika makadirio ya bajeti yanayoletwa kabla ya 30 Aprili. Wadi moja iwe ya wavuvi, moja ya bara ambako ukame umekausha mashamba, na moja ya mjini. Mahitaji hayafanani, na msije mkatujengea kituo cha aina moja kila mahali.

Nne, kabla hata mswada haujapita, vituo binafsi vya kulea watoto mchana visajiliwe na wanaoviendesha wafunzwe. Wasifukuzwe. Yule mama wa watoto 19 akifungiwa leo, kesho hao 19 watakuwa nyuma ya kufuli.

Tano, kamati ya kila kituo iwe na wazazi wasiopungua nusu, na mmoja wao awe baba.

Na ombi la mwisho ni la kibinafsi. Naomba Mwenyekiti wa kamati inayoshika ombi letu aje siku moja tu kukaa nami barazani, kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, katika mwezi wa kusi. Sitamhubiria. Nitamtengenezea kahawa ya tangawizi, nitamwonyesha daftari nikiwa nimefunika majina, na atasikia mwenyewe nani anabisha hodi.

Kikao cha kwanza baada ya mapumziko, mimi na wenzangu wanne tutakuwa katika jukwaa la wageni. Tutavaa leso zetu za kawaida na hatutabeba mabango. Kwenye mapaja yetu kutakuwa na nakala za rasimu, kurasa 11, kwa kila Mwakilishi atakayependa kuzisoma.

Wako katika utumishi wa watoto,

Mwalimu mstaafu wa chekechea na mlinzi wa watoto wa kujitolea,
kwa niaba ya wazazi 412 waliotia sahihi.

(Jina, sahihi na anwani zimo katika nakala iliyokabidhiwa kwa Karani wa Bunge.)